Motokari Iliyoniita Jina

Zamani hapa Kasulo nilikuwa Saidi wa Vyuma, siku hizi naitwa Saidi wa Kilio, na kabla hujayasikia kwa watu wa mtaa (ambao huongeza chumvi mpaka chakula hakiliki) afadhali uyasikie kwangu mwenyewe, niliyemlilia ndugu yangu mzima mbele ya mkewe na mwalimu wa msikiti.

Kazi yangu ni kuondoa magari yaliyokufa. Yaani ukiwa na gari lililolala miaka na miaka, kuku wanatagia ndani, mimi na mwenzangu Tata Ilunga tunakuja, mimi nafungua viti, milango na nyaya, yeye anakata bodi kwa moto wa gesi, vyuma vinapandishwa lori. Siku hiyo shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wetu, alituruhusu tuondoe teksi moja ya buluu, haina magurudumu, imekalishwa juu ya mawe kwenye uchochoro tangu mwenyewe alipohamia Sandoa. Tata Ilunga aliniambia tukutane saa nne tuwaulize majirani kwanza, maana gari la watu halikosi mambo. Mimi kwa kujifanya hodari nikaenda saa moja, peke yangu. Yote yalianzia hapo.

Nilichokiona kwanza ni vioo. Kilikuwa kiangazi, vumbi kila mahali, lakini vioo vya teksi ile vilikuwa na ukungu kwa ndani, kama vya gari ambalo watu wamelala humo. Nikachungulia, hamna mtu. Nikafungua mlango, nikapokewa na hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya udongo mbichi, ile harufu unayoisikia ukisimama karibu na kaburi kabla halijafukiwa. Ningeondoka, lakini mtu wa vyuma akikimbia gari atakula nini, basi nikaanza kupiga mluzi (nikiogopa hupiga mluzi, na wimbo ni mmoja tu, ule ambao marehemu mama alitubembelezea) huku nafungua bolti za kiti cha nyuma.

Chini ya kiti pakagongwa. Mara tatu, polepole. Nikanyamaza. Pakagongwa tena mara tatu, kisha sauti nyembamba, ya mbali, ikapanda kutoka sakafuni.

"Saidi... Saidi, njo weye?"

Ilikuwa sauti ya Amisi, kaka yangu, ikiuliza kama ndiye mimi. Sasa Amisi alikuwa ameondoka Jumatatu kwenda Kasaji kununua mihogo (ndivyo alivyotuambia), na Kasaji ni mbali, si chini ya kiti cha teksi. Bibi yetu alitulea na sheria moja: sauti ikikuita na huuoni mdomo wake, usiitike, maana aliyekufa huita wa nyumbani kwake kwanza, na ukiitika umekubali kumfuata. Nikauma ulimi. Ikaniita tena na tena, sasa inakohoa, na mimi nimeshika spana nalia kimyakimya, nikijua ndugu yangu amefia njiani na roho yake imenijia. Nikafanya nililoliona la busara: nikafunga milango, nikatandaza bashi, lile turubai zito la kufunikia lori, nikalikaza kwa kamba pande zote ili kilichomo kisinifuate.

Nilifika kwa Zaina, mke wa Amisi, na kiatu kimoja. "Zaina, mukubwa haiko tena. Ameniita." Akapiga simu ya Amisi, haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Akakaa chini akafungua kitambaa cha kichwa, na kutoka hapo sikuhitaji kusema neno, wanawake wa jirani walikuwa wameshaingia, kilio kikapita nyumba hadi nyumba, mwalimu wa msikiti akaja anafunga vifungo vya kanzu, na wote wakataka kwenda kuisikia hiyo motokari.

Tukasimama mbele ya bashi. Mwalimu akaanza dua, na kila alipovuta pumzi tulisikia kule chini kukigongwa, mara tatu, polepole kuliko mwanzo. Halafu mara mbili. Zaina akanishika mkono, kucha zikaingia nyamani. Halafu mara moja, na kikohozi.

Hapo Tata Ilunga alikuwa amefika na mitungi yake ya gesi kwenye mkokoteni. Akasikiliza, akanitazama.

"Saidi, tangu lini mufu anakoholaka?"

Hakungoja jibu. Alikata kamba kwa kisu, akavuta bashi, akaking'oa kiti nilichokwisha kukilegeza mwenyewe, na sote tukaona: sakafu ya teksi ilikuwa imekatwa tundu la duara, na chini yake shimo jembamba linashuka gizani. Amisi hakwenda Kasaji. Alikuwa amemwapia Zaina kwamba hatashuka tena kuchimba kobalti, yale madini yaliyo chini ya nyumba zetu, akashuka, peke yake, kwa shimo lililochimbwa ndani ya nyumba tupu ng'ambo ya uchochoro, na teksi ilikuwa inaficha tundu lake la hewa. Asubuhi ile udongo ulimporomokea nyuma, njia ya kutokea ikazibika. Akasikia mluzi wa wimbo wa mama, akajua kaja ndugu yake.

Wanaume waliisogeza teksi, wakapanua tundu kwa sururu, wakamteremshia kamba ileile niliyofungia bashi. Alipotoka, mweupe wa vumbi kutoka nywele hadi kucha, nusu ya waombolezaji walitimua mbio. Zaina hakukimbia. Alimpiga kofi, akamkumbatia, akamuuliza, "Kasaji njo hapa?"

Amisi alikalishwa juu ya tairi, akanywa maji vikombe vitatu. Watu walikuwa wameanza kucheka, na mimi nikacheka nao, mpaka aliponiita karibu.

"Saidi, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ulijua ni mi?"

"Nilijua."

"Na juu ya nini haukuitika?"

Nikamwambia habari ya bibi. Aliinamisha kichwa, akaninyooshea kikombe nimwongezee maji. Mpaka leo hajaniuliza tena, na aibu yangu iko hapo, haiko kwenye kilio.

Vijana wa mtaa hujificha nyuma ya ukuta wakaniita kwa sauti ya kaburini, "Saidiii," na mimi naitika kwa nguvu, "Niko hapa, uko wapi?" Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke. Nitaitika kila mara, hata wakiniita mara mia kwa siku, kwa sababu aliye shimoni naye huwezi kuuona mdomo wake.