Kichaka cha Baridi na Chokaa Yangu

Mimi nina mkono wa mimea, na sisemi haya kwa kujisifu. Nasema kwa sababu mtaa wetu wote hapa Msambweni unasema hivyo, nami si mtu wa kuwakanusha majirani. Mrehani wangu unafika kiunoni. Asumini zangu zimekwenda kwenye arusi ambazo mimi mwenyewe sikualikwa. Kwa hiyo mke wa mwanangu alipokwenda Nairobi mwezi mzima kwa mafunzo ya kazi yake ya hoteli, akaniachia mti wake akaniambia, "Mama, utilie maji tu, usiuguse," mimi nilisikia lile la maji. Hilo jingine lilinipita.

Mti wenyewe kwa Kiingereza unaitwa heather. Jina lake la Kiswahili silijui, na sijakutana na anayelijua. Ni kichaka cha milimani, huko kwao ambako watu huvaa sweta mbili na bado wanajikunyata. Vijani vyake ni vyembamba na vifupi, na vimaua vyake ni vidogo sana, utadhani mtu kapita akamwaga unga. Msichana aliuchimba kwao siku aliyohamia kwetu, akasafiri nao mapajani, ndani ya mkebe wa rangi ulioshika kutu.

Mama yake hakuitaka ndoa ile. Hakuwa na neno na mwanangu. Neno lake lilikuwa na hali yetu ya hewa. Alisema mtoto aliyelelewa kwenye baridi hawezi kukaa pwani, atakauka. Na kila Jumapili alipopiga simu ya video, hakumwuliza bintiye hali. Aliuliza, "Ile mti iko?" Binti akaigeuza simu: uko, una maua. Mama akaguna, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nilikuwa nikisikiliza kutoka jikoni, nikaelewa kwamba kichaka kile ndicho kilichokuwa kesi nzima. Kikiishi, binti ana hoja. Kikifa, mama yake atakuja kumchukua, na asipomchukua kwa mkono atamchukua kwa machozi. Nami, Mungu anisamehe kwa kutomwambia mapema, nilikuwa nikimpenda msichana yule kupita desturi ya mama mkwe.

Hata wiki haijaisha tangu aondoke, akanipigia simu. "Shikamoo mama. Nikirudi nitakuja na mama yangu. Anataka kuona ninakokaa."

Nani asiyetujua sisi? Mkwe akija, chokaa haibaki kwenye ndoo. Nilipaka ukuta wa mbele. Nikapaka mawe ya njiani, nikapaka mnazi hadi kimo changu, kisha nikapaka vyungu vyote vya maua, kimoja baada ya kingine. Mume wangu akaniomba nisimkaribie. Nilipomaliza, kila kitu kilikuwa kinang'aa isipokuwa mkebe mmoja wa kutu pale barazani. Nikaona haya. Mkwe mwenzangu atoke safari yote ile, aje akute mti wa mtoto wake umewekwa kwenye mkebe wa kutu kama dawa ya panya? Wallahi, si nyumbani kwangu.

Basi nikauhamisha, na niliuhamisha kwa adabu zote. Nilichagua chungu kikubwa kuliko vyote. Chini nikatandaza makombe ya pwani na vipande vya matumbawe ili maji yapite. Nikachota udongo wa nyuma ya nyumba, ule mweupe uliokuza asumini zangu, nikauchanganya na samadi ya mbuzi iliyokomaa. Nikatia na jivu, kwa ajili ya mchwa. Mizizi niliikuta imesongamana ovyo, nikaichambua kwa vidole. Kisha nikamwagia ndoo nzima ya maji ya kisima. Msichana alikuwa na mtindo wa kuutilia kikombe kimoja tu kila asubuhi, tena cha maji ya mvua kutoka kwenye tangi letu, yale ya kupikia chai, nami siku zote niliona ni kuudekeza. Mwisho nikakipaka chungu chokaa, nje mikono miwili, na ndani ya mdomo mkono mmoja, kwa urembo.

Mume wangu akaja akasimama. "Si uliambiwa usiuguse?"

"Sikuugusa," nikamjibu. "Nimeuhamisha."

Siku ya tatu ukawa rangi ya ugoro. Siku ya tano vijani vikaanza kupukutika, ukipita karibu tu vinaanguka. Nikajua ni mchwa, nikaongeza jivu.

Siku ya saba nilikata kijiti kimoja, nikakifunga kwenye leso, nikaenda Ukunda. Pale Kona ya Musa kuna kijana wa bara anayeuza miche kando ya barabara. Alikifungua kile kijiti kwenye kiganja, akakinusa, uso ukamwanguka.

"Hii kitu iko kwetu juu mlimani," akasema. "Aki mathe, imekukosea nini?"

Nikamwambia haujanikosea, nimeuhamisha tu.

"Mchanga gani?"

"Wa nyuma ya nyumba."

"Ile nyeupe?" Akafumba jicho moja. "Mbolea?"

"Ya mbuzi. Nzuri, ya mwaka jana."

Akafumba na la pili. Nikaona afadhali nimalize yote akiwa hajaniangalia. "Na jivu kidogo. Na maji ya kisima. Na chokaa, lakini ni ya nje. Na ndani kidogo."

Akakaa juu ya ndoo yake. "Mathe, hii mti inachukia chokaa vile paka inachukia maji. Sasa ona: mchanga yenu ni matumbawe, hiyo ni chokaa. Maji ya kisima imepita kwa matumbawe, ni chokaa tena. Jivu ni ndugu ya chokaa. Halafu juu yake ukapaka chokaa."

"Kwa hiyo nimeulisha sumu mara nne?"

"Sasa sijui. Chini ya pot uliweka nini?"

Nilimwambia miche yake mwenyewe ina kiu, nikaondoka kwa hasira hadi ng'ambo ya barabara. Kisha nikarudi, kwa sababu hasira haimrudishii mtu mkwe, nikamwuliza nifanye nini. Akanieleza kwa upole kuliko nilivyostahili: udongo usio na matumbawe, ule wa milimani, maji ya mvua tu, samadi hapana, jivu hapana, niukate ulipokauka, niuweke kivulini, nimwombe Mungu.

Udongo wa milimani uko Kwale, na Kwale nina binamu. Nilifika kwake na gunia tupu, nikamwomba udongo wa shambani kwake. Huku kwetu mtu akikujia nyumbani kuomba udongo wako, humkimbilii kumpa. Binamu yangu alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Udongo wa nini, dada?"

"Wa kupandia mti wa mke wa mwanangu, kabla mama yake hajafika."

Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nikaona kweli yamekaa vibaya. Akapiga Bismillahi tatu, akachimba yeye kwa mkono wake, na nusu ya gunia tu, akanisindikiza hadi stejini ahakikishe nimepanda gari. Mpaka leo akinipigia simu huanza kwa kuniuliza kama ninaswali.

Nilipofika nyumbani niliung'oa mti kwenye kile chungu cha fahari, nikaiosha mizizi kwa maji ya mvua, nikaupanda kwenye ndoo ya plastiki iliyovunjika mkono, kwa kuwa ndicho chombo pekee ambacho chokaa yangu haikuwa imekifikia. Nikakata vyote vilivyokauka. Kilichobaki kilikuwa kisiki cha kimo cha shibiri, na kwa uso wake nisingeshauri kionyeshwe mtu.

Ulikuwa wakati wa kaskazi, mvua haipo, na tangi lilikuwa limebaki na maji ya kugusa chini. Nikatoa amri: ya mvua ni ya mti, chai ni ya kisima. Mume wangu akaonja kikombe cha kwanza, akakitua taratibu.

"Bibi, hii umetia sukari au umetia bahari?"

"Kunywa," nikamwambia. "Kuna mgonjwa."

Akanywa. Majuma mawili alikunywa, akikunja uso kila funda, lakini sikumwona hata siku moja akilikaribia tangi. Mimi kila asubuhi nilivaa miwani nikakikagua kile kisiki, nikakisemesha, nikakiomba msamaha, na siku nyingine nikakitisha. Nilikuwa na hofu ya kweli. Nilimwona msichana anafungasha nguo zake, na mwanangu amekaa kitandani anamtazama, na mimi mlangoni na brashi ya chokaa mkononi.

Siku ya kumi na tatu, chini kabisa ya kisiki, niliona vidoa vitatu vya kijani, kila kimoja punje ya mchele. Nilimwita mume wangu kwa sauti iliyowatoa majirani. Alikuja mbio na tochi, na ilikuwa saa saba mchana.

Juma lililofuata wakaja. Mkwe mwenzangu alishuka na sweta, jasho linamtiririka, na sweta hakuivua. Tukaamkiana vizuri. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. "Ile mti iko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa uongo, na ulikuwa uongo mzuri: mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa pale pale uani, anatafuna. Lakini msichana alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mkoba bado begani, ameshaiona ile ndoo, na uso wake ulinikata ulimi.

"Niliuua mimi," nikasema. "Niliambiwa nisiuguse, nikaugusa. Nilitaka uukute umependeza."

Mama akachuchumaa. Akavigusa vile vichipukizi, vilikuwa vimekuwa vitano. Akatia kidole kwenye udongo. "Mchanga hii si ya hapa."

"Wa Kwale, mlimani. Nilipanda gari kuufuata."

"Na maji?"

"Ya mvua. Yale ya chai." Mume wangu akakohoa.

Alikaa chini pale pale sakafuni. "Kwetu hii ni kuni," akasema. "Mimi hukata na panga, nawasha moto ya asubuhi. Sikuwa nauliza mti. Nilikuwa na hasira. Nilishindwa kuuliza mtoto kama ako sawa. Sasa nikawa nauliza mti."

Msichana akauacha mkoba ukaanguka, akaenda kukaa sakafuni karibu naye. Mimi na mume wangu tukakumbuka kazi jikoni.

Alikaa kwetu siku nne. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta barazani ameshaifunga ile ndoo kwa kamba. "Hii haiwezani na pwani," akaniambia. "Narudi nayo."

Nikajua kesi tumeshindwa. Leo anachukua mti, kesho atamfuata mwenye mti. Akaipakata ndoo upande mmoja, na kwa mkono uliobaki akamshika bintiye begani, akamsukuma kwangu.

"Mti nabeba," akasema. "Mtoto nakuachia."