Jibini ya Mbuzi ya Mgeta

Tangu homa imwachie, mama hakuwa amelalamikia chakula hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Mwanamke aliyetulea kwa kukosoa kila sufuria sasa alikula vijiko viwili vya wali, akasema, "Kizuri, mwanangu," akageukia ukutani. Dada yangu alipombana, alikiri kwamba ulimi hauonji kitu. Kila chakula ni kama majani makavu.

Jioni moja akataja jibini ya mbuzi niliyowahi kumletea kutoka Mgeta, kabla sijaanza kuhamahama mikoani. Hakuiomba. Aliitaja tu.

Alfajiri nikawasha pikipiki. Kona za ile barabara nilizikumbuka zote, ila mikono ilikuwa imesahau baridi yake, na kila nilipoyapisha malori ya kabichi niliipuliza. Nyumba ya kwanza walikuwa wameacha kufuga. Ya pili hawakuwa na jibini. Ya tatu nilimkuta mama mtu mzima, kavaa koti la kiume, anakamua.

"Shikamoo mama. Natafuta jibini."

"Marahaba. Umechelewa, baba. Watu wa hoteli wamezoa yote jana."

Nikamweleza habari za mgonjwa wangu. Alimaliza kukamua, akaingia ndani, akatoka na kipande kidogo chenye ganda la manjano.

"Hiki nilijiwekea mwenyewe. Wajukuu wanakikimbia, eti kinanuka beberu."

"Mbona mimi sisikii?"

"Utasikiaje? Umekuja na pikipiki, pua imeganda."

Akakifunga kwa jani la mgomba, akanionya nisikiweke pamoja na vitunguu nilivyonunua njiani. Nikashuka nacho ndani ya koti, kifuani.

Nyumbani nilimkatia mama kipande chembamba. Alikitia mdomoni, akafumba macho. Nilikuwa nangojea lile neno lake, "kizuri". Alitafuna polepole, kisha akakunja uso.

"Nani katengeneza hii? Chumvi imezidi."

Jikoni dada yangu akaacha kuosha vyombo.

"Na wewe unanikodolea macho tu. Nipe maji nishushie."

Nilimpa maji, nikatoka uani, nikakaa kando ya pikipiki iliyokuwa bado ya moto. Nilipumua kama mtu aliyetua mzigo mkubwa. Kutoka ndani nikamsikia akiuliza ni nani aliyemkatia jibini nyembamba kama wembe, au tunamwekea mgeni.

Nikarudi kumkatia kipande kingine, kinene.