Uvimbe wa Projestus na Sumu Isiyokuwapo

Baba alinituma Ngenge nikamrudishe mdogo wangu Leokadia kabla wakwe zake hawajamfukuza. Habari zilitufikia Kahororo kupitia kwa mchuuzi wa samaki: Projestus, mume wa Leokadia, anavimba ovyo, leo mdomo, kesho mkono, na ukoo wake unaamini kwamba mke wake anamlisha sumu. Jumapili wangekaa kikao. Akifukuzwa, watoto wake watatu watabaki upande wa baba yao, ndivyo desturi ilivyo, naye atarudi kwetu mikono mitupu, na jina baya juu.

"Afadhali aondoke mwenyewe, na heshima yake," baba aliniambia. Mimi ni mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa. Lakini nadhani alinichagua kwa sababu ya ulimi wangu, ambao nyumbani wanasema hauna likizo.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi pale Bukoba mjini. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye kila mlima abiria wanaume walishuka kusukuma huku sisi wanawake tukiwapa ushauri kutoka dirishani. Njia nzima ni migomba na mibuni, na nyumba zimejificha ndani yake hata moshi tu ndio unaokuonyesha kwamba watu wapo. Nilitazama mashamba yale bila raha. Nilikuwa nikipanga maneno ya kuwaambia wakwe wa mdogo wangu, na kila neno lilikuwa kali kuliko lililotangulia.

Kutoka Muleba nilipata lori lililokuwa likipeleka mabati, nikateremka nalo hadi Ngenge jioni. Huko joto ni kali kidogo na ardhi imelala. Nyumba za kijiji cha ujamaa zilikuwa zimepangwa mstari barabarani, mlango ukitazamana na mlango. Sisi Wahaya tuliozoea kila mtu na kibanja chake, migomba ikimstiri, hapo tunaonana hadi sufuria. Ndiyo maana uvimbe wa mtu mmoja ulikuwa habari ya kijiji kizima.

Leokadia alinikumbatia akakataa kuniachia. Alikuwa amekonda. Mama mkwe wake, Mae Domitila (mae ni mama kwa Kihaya), mjane mwenye sauti ndogo na macho makubwa, alinikaribisha kwa adabu zote. "Karibu, Mwalimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikamjibu kwamba nimekuja mwenyeji wangu apone kweli. Hakucheka.

Wakati wa chakula niliona jambo lililonichoma. Kwetu anayekukaribisha pombe huonja kwanza, ujue kwamba haina kitu. Pale nyumbani Mae Domitila alikuwa ameipanua desturi hiyo. Alipika mwenyewe, akaonja ndizi, akaonja maharage, hata maji ya kunywa akayaonja, ndipo akampa mwanawe. Leokadia alikaa pembeni kama mgeni asiyetakiwa, hana ruhusa ya kugusa sahani ya mume wake. Projestus alikula ameinamisha kichwa. Nilimwonea huruma na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja.

"Na wewe pia unadhani nakuua?" Leokadia alimwuliza mbele yangu.

"Mimi sijasema," alijibu. "Wanasema wao."

Jumamosi ilikuwa siku ya kukamua ndizi za pombe ya kikao. Ndiyo, hata kikao cha kumfukuza mtu kwetu hakikaliwi makoo makavu. Ndizi zilizoivishwa zilimwagwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia pamoja na nyasi, na wanaume wakaingia kuzikanyaga kwa miguu. Projestus, mwenye mapaja ya nguvu, alikanyaga kuliko wote, tangu asubuhi hadi jua la utosi. Juisi ilitiwa mtama, ikafunikwa kwa majani ichachuke. Hakuna aliyeonja tone.

Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, Projestus alishindwa kuvaa viatu. Miguu yake ilikuwa imefura kuanzia vidole hadi juu ya vifundo, ngozi imevutika, wala haikuwa nyekundu.

"Inawasha?" niliuliza.

"Haiwashi, shemeji. Inabana tu. Huwa hivi kila tukikamua."

"Kila mkikamua, au kila mkinywa?"

Alinitazama. Nikamgeukia Mae Domitila. "Mama, pombe iko bado chini ya majani. Chakula umepika wewe, umeonja wewe. Sumu imepita wapi, kwenye nyayo?"

Mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa amefika mapema kwa ajili ya kikao alisema kwamba kuna wanawake wanaoweza kumlisha mtu kwa macho. Nilifungua kinywa kumjibu ipasavyo, lakini Projestus alikohoa, akataka kusema, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya kukwaruza, nzito. Akashika koo. Hapo nikaogopa.

Nilikimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji, akatoa trekta la kijiji na tela lake. Mae Domitila alisema haendi mtu na mwanawe bila yeye. Wazee wakasema Leokadia abaki. Leokadia alipanda tu kwenye tela akakaa nyuma kabisa, miguu ikining'inia.

Mchana tulifika hospitali ya misheni kule Rubya. Daktari alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mwembamba, mwenye haraka bila kelele. Alimlaza Projestus, akampiga sindano ile wanayowapiga watu waliodhuriwa na chakula au nyuki. Haikusaidia. Akaweka kisu na mrija karibu na kitanda, tayari kumtoboa koo kama pumzi ingeziba, kisha akavuta kiti akakaa hapo hapo. Akaanza kuuliza. Je, huvimba anapoumia? Ndiyo, alipojigonga na jembe. Je, tumbo humkata bila sababu, akatapika, kisha likapoa lenyewe? Tangu utotoni.

"Na katika ukoo? Kuna mwingine aliyekuwa akivimba?"

Mae Domitila alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Daktari akarudia swali, polepole zaidi.

"Baba yake," alisema. "Aling'olewa jino. Kesho yake uso ukavimba, halafu koo. Alikufa jioni, mikononi mwangu."

"Mlidhani ni nini?"

"Waitu, daktari," alimsihi kwa Kihaya, "tulidhani ni sumu. Shemeji yangu Pulkeria, mke wa kaka yake, ndiye aliyempa uji siku ile. Pengo la jino lilikuwa linamuuma, hakuweza kutafuna, akamwonea huruma akampikia uji. Tulimfukuza. Mimi ndiye niliyesema afukuzwe."

Nilimtazama Leokadia. Alikuwa amesimama mlangoni, akilia bila sauti.

Daktari alitueleza hivi, nami nayaandika kama nilivyoyaelewa. Ndani ya damu mna kundi la askari wanaoamshana kwa zamu, mmoja akimwamsha mwenzake, ili kupigana na vijidudu. Yupo mmoja kati yao ambaye kazi yake ni kuwatuliza wasizidishe. Kuna watu wanaozaliwa wakiwa na upungufu wa huyo mtulizaji. Kwao pigo dogo, jino kung'olewa, miguu kukanyaga siku nzima, hata huzuni kubwa, huamsha ghasia isiyo na wa kuizuia, na maji ya damu yakavuja ndani ya nyama mpaka zikavimba. Wengine hupungukiwa askari wenyewe, nao huugua homa ya uti wa mgongo mara kwa mara. Vyote ni vya kurithi. Alikiri kwamba pale hana kipimo cha kuthibitisha, lakini uvimbe usiowasha, usiosikia sindano, unaotoka kwa baba kwenda kwa mwana, hakuutilia shaka.

"Basi si chakula?" aliuliza Mae Domitila.

"Si chakula, mama. Si mtu. Ni damu aliyozaliwa nayo."

Jumatatu alasiri koo lilifunguka lenyewe na Projestus akaomba chai. Mae Domitila akachukua kikombe, nikafikiri ataonja. Alimkabidhi Leokadia. "Mpe mume wako," alisema.

Daktari alitupa masharti. Asing'olewe jino bila hospitali kujua, asikanyage ndizi tena, na sauti ikibadilika tu, mbio Rubya. Watoto nao waangaliwe, kwa maana huenda mmoja amerithi, huenda wawili, huenda hakuna. Leokadia alisikiliza hayo akiwa amebana midomo. Ushindi wake ulikuja na hofu hiyo.

Ngenge tulirudi Jumanne, tukakuta kikao kinatusubiri, na pombe imeiva. Mae Domitila alisimama akasema yote, la uji pia, mbele ya wazee. Yule mzee wa macho alitazama chini. Baadaye nilimwambia Leokadia kwamba baba bado anamngoja. Akasema, "Mwambie baba nimebaki. Nani atamsikia huyu sauti ikibadilika?"

Jumatano nilianza safari ya kurudi, na Mae Domitila akapanda nami, amebeba mkungu wa ndizi na kahawa ya kutafuna. Hakusema anakwenda wapi, nami kwa mara moja maishani sikuuliza. Nilikuwa nikiwaza kwamba hasira niliyokwenda nayo imebaki njiani. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamefiwa bila kujua kwa nini, na desturi iliyowafundisha kuangalia kikombe haikuwafundisha kuangalia kwingine. Hilo ndilo nililojifunza.

Muleba alishuka, akaniomba nimsindikize. Tuliingia kwenye kibanja nyuma ya barabara, na mwanamke wa umri wangu akatoka akitukaribisha. Mae Domitila alitua mkungu chini, akapiga magoti.

"Nimekuja msibani," alisema.

Yule mwanamke alishangaa. "Msiba wa nani, mama?"

"Wa mama yako. Wa Pulkeria."

"Mama alikufa zamani. Mimi mwenyewe nimeshasahau mwaka."

"Najua," alisema Mae Domitila. "Tuliambiwa siku ile ile. Hatukuja hata mmoja."