Nusu ya Ndevu za Mzee Nashon

Iko Ijumaa moja ambayo sijaisahau mpaka leo, mwanangu, na kila ikinijia, mkono wangu hupanda wenyewe kushika shavu. Wala si shavu langu lililoumia siku hiyo. Lakini ngoja, nisije nikaanzia mwisho kama marehemu babu yako alivyokuwa akisimulia mpira.

Jana nilipita Migori, pale ulipofungua kinyozi chako. Sikuingia. Nilisimama dirishani nikakuona unamimina spiriti ya bei rahisi ndani ya chupa ya ile dawa nzuri ya kupaka baada ya kunyoa, huku unapiga mluzi. Huo mluzi naujua! Niliupiga mimi mwenyewe kule Karungu, miaka ya tisini, nilipokuwa najiona nina akili kuliko wote waliozaliwa kabla yangu. Ndiyo sababu nimekuita leo. Keti hapo, chai inakuja, na hiyo simu iweke mfukoni.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Mzee Athmani, mtu wa Pwani. Alikuja Karungu kununua samaki, akaona wanaume wote wa ufuoni wana ndevu kama beberu, akaachana na samaki akafungua kinyozi. Kilikuwa chumba cha mabati, mlango unatazama ziwa, na mbele ya kiti alitundika kioo kikubwa. Ukikaa kwenye kiti unaona uso wako, na nyuma ya uso wako unaliona ziwa lote mpaka kule jua linakozama. Hicho kioo kishike akilini, tutakirudia.

Mzee Athmani aliniajiri na kunicheka kwa pamoja. Mimi wakati huo nilikuwa nasema "savu" badala ya "shavu", kama vijana wengi wa kwetu. Yeye ananiambia, "We Ochieng', humnyoi mtu hapa mpaka ujue shavu liko wapi." Wiki mbili nzima nilifagia nywele huku nikijifunza kutamka. Siku niliyoipata "sh" yenyewe, alinikabidhi brashi.

Sasa sabuni. Alikuwa na moja tu ya kunyolea, jiwe jeupe la duara ndani ya bakuli la mti, analoagiza kutoka Mombasa. Bei yake ilinitia kizunguzungu. Kwa bei ya jiwe moja ungenunua miche kadhaa ya sabuni ya kufulia, ile ndefu ambayo mwenye duka hukukatia kipande kwa waya, na bado ungebakiwa na hela ya nyama. Na lenyewe lilikuwa gumu kwelikweli. Unalowesha brashi kwa maji moto, unasugua, unasubiri, unasugua tena, unapata kapovu kadogo, kazito, ka kukasirisha. "Usikaharakishe," mzee ananiambia. Mimi moyoni nasema, huyu mzee anatupa pesa ziwani.

Nikaanza utafiti wangu. Nilinunua ile krimu ya tyubu kwanza. Ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia, inanukia, inateleza, lakini tyubu inajua kuisha! Unaiminya Jumatatu, Alhamisi unaikunja mgongo kutafuta iliyobaki. Ndipo nikaingia kwenye sabuni ya kufulia. Nilikwangua kipande kwa kisu, nikakiyeyusha kwenye sufuria, nikaongeza matone ya marashi ya Mzee Athmani bila ruhusa, nikamimina kwenye kopo. Ilipoganda ilinuka harusi na nguo chafu kwa wakati mmoja. Lakini povu lake, mwanangu! Brashi ikigusa tu, limefurika mpaka kwenye kiwiko. Nilicheka peke yangu.

Niliijaribu kwa wavuvi wakitoka tu majini. Niliijaribu kwa vijana wa machimbo ya dhahabu ya Masara, waliokuwa wakishuka kuoga ziwani, kisha wanakuja kunyolewa maji yakiwatiririka. Mmoja alilala usingizi nikimnyoa. Nilipomwamsha nikamuuliza anaionaje sabuni, akajipapasa kidevu akasema, "Iko sawa tu, boss." Hiyo "iko sawa tu" niliichukua kama cheti cha serikali. Haikunijia kabisa kwamba hao watu ndevu zao zilikuwa zimeloweka nusu saa, na kwamba hata ungewanyoa kwa tope wangekushukuru.

Sasa njoo kwa Mzee Nashon. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mrefu, mkavu, na ndevu zake zilikuwa kavu zaidi yake. Kila Ijumaa alikuja kwa baiskeli kutoka shambani, ana vumbi mpaka kwenye kope, anyolewe kabla Sabato haijaingia. Unajua Sabato yao huanza Ijumaa jua likizama. Yeye alipenda kufika jua likiwa linaning'inia, akae kitini aongee, kwa maana alikuwa mtu wa maneno. Ukimpaka povu ndiyo umefungua bomba. Na Mzee Athmani alimmaliza siku zote akiwa na dakika za kusaza.

Alikuwa na binti. Jina lake usiniulize sasa, una haraka ya nini? Binti huyo alikuwa akiuza maandazi karibu na kituo cha magari, na mimi nilikula maandazi mwaka mzima, mimi ambaye maandazi yananiletea kiungulia. Mwishowe nilijikaza, nikamwambia Mzee Nashon kwamba nataka kuwaleta watu wangu kwake. Aliniangalia kwenye kioo, povu limemjaa usoni, akasema, "Utamlisha nini binti yangu? Povu?"

Mwanangu, niliumia. Akaongeza kwamba atafikiria, na jibu atanipa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Basi nikaona dawa ni moja. Nimwonyeshe kwamba mimi si kijana wa kushika brashi ya mwenzake tu, nina sabuni yangu niliyoibuni, kesho kutwa nitakuwa na kinyozi changu.

Ijumaa iliyotangulia Jumapili hiyo, Mzee Athmani alisafiri kwenda Homa Bay kwa shughuli za jamaa zake, akaniachia kiti. Bahati gani hiyo! Mzee Nashon akaja saa yake ileile. Mpango wangu ulikuwa huu: shavu la kushoto nimnyoe kwa jiwe la Mombasa, la kulia kwa kopo langu, nikimaliza nimwambie ajipapase achague lililo laini zaidi. Angechagua la kulia, mimi ningetoa kopo kutoka chini ya meza, naye angenipa binti hapohapo. Nilikuwa nimeshaamua hata maneno nitakayosema.

Shavu la kushoto lilikwenda vizuri, wembe mpya, likabaki linang'aa. Nikageuka, nikachovya brashi kwenye kopo. Povu likafurika. Mzee mwenyewe akacheka, "Leo umeniogesha!" Halafu akaanza kunieleza habari ya jirani yake na ng'ombe aliyekula mahindi ya kanisa. Kwa heshima nikasimamisha wembe nisimkate akiongea. Alipomaliza ng'ombe, nikaangalia shavu, povu hakuna. Limekufa. Limebaki kama chumvi juu ya mawe.

Nikapaka tena. Wembe ukashika ndevu, ukakataa kusogea. Nikakumbuka maji moto, nikakimbilia jikoni nyuma, makaa yamezimika, nilikuwa nimesahau kuongeza mengine kwa kufikiria hotuba yangu. Nikapaka mara ya tatu kwa maji baridi. Sabuni ikafanya mabonge.

"Ochieng'," mzee akasema, "inawasha."

"Ni dawa yake hiyo, Jaduong'," nikamwambia, nikimwita mzee kwa heshima ya kwetu. Uongo mtupu, Mungu anisamehe.

Nilikuwa nimefanikiwa kusafisha kipande kidogo chini ya sikio, nacho kimekuwa chekundu, nilipoona ameacha kuongea. Alikuwa ametazama kioo. Lakini hakujitazama, alikuwa anatazama ziwa nyuma yake. Nami nikatazama. Jua lilikuwa limebaki ukucha, kisha ukucha wenyewe ukaingia majini.

"Ochieng'," akasema polepole, "chieng' osepodho."

Wewe lugha yetu unaijua, lakini nisikilize vizuri. Mimi niliitwa Ochieng' kwa sababu nilizaliwa jua likiwaka. Na sasa mtu ananiita kwa jina la jua ananiambia jua limeshazama. Yawa! Nilitamani niitwe Otieno, jina la aliyezaliwa usiku, nizame kabisa gizani.

"Dakika tano tu, Jaduong'!" nikamlilia.

"Nikijinyoa, nafanya kazi. Ukininyoa, nakufanyisha kazi. Hata dakika moja hatuna." Akajifuta kwa taulo, akavaa kofia, akasukuma baiskeli yake akaondoka. Ukimwona kutoka kushoto ni bwana harusi, kutoka kulia ni mfungwa aliyetoroka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kanisani kwao. Mimi ni Mkatoliki, lakini hatia haina dhehebu, nilikaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Na kumbe ni zamu yake kuhubiri! Alisimama mbele bila kujificha. Kanisa lile wanaume walikaa upande wake wa kulia, wanawake upande wa kushoto. Akitazama mbele, wanawake wanamwona kijana. Wanaume wanaona kichaka. Alihubiri habari ya subira, saa nzima, na hakuna aliyecheka, lakini mabenchi yalitetemeka. Watu wakitoka nje nikasikia mama mmoja anasema mzee leo amependeza, na mumewe anamuuliza, "Huyo mgonjwa?"

Binti alinipita pale mlangoni. Aliniangalia tu, akaangalia chini, na mimi nikajua Jumapili yangu imeshakufa kabla haijafika. Nililia njiani, sikufichi.

Mzee Athmani alirudi mchana. Habari alikuwa ameshazipata njiani, Karungu nzima ilikuwa nazo. Akaomba kopo. Akanusa, akatambua marashi yake, akaliweka mezani.

"Tangu uanze hii, kipande umenunua mara ngapi?"

"Mara nne," nikasema.

"Na jiwe hili nimelinunua lini?"

Nikafikiri. Lilikuwepo tangu kabla ya Ramadhani, na Ramadhani ilikuwa mbali nyuma. Na bado nusu yake nzima ilikuwa imekaa bakulini inanitazama.

"Povu la hili jiwe dogo, lakini halifi. Unadhani mimi sijui bei ya sabuni ya kufulia? Huyu mzee nimemnyoa miaka. Najua anaongea kiasi gani. Nilinunua sabuni ya kutosha maneno yake." Halafu akanisukumia bakuli. "Sabato yao inaisha jua likizama leo. Chukua na birika. Nenda."

Nilifika kwa Mzee Nashon jua likiaga. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, kama mtu anayenisubiri. Binti akaleta maji moto bila kunitazama. Tulingoja sote watatu mpaka mzee akatikisa kichwa kwamba sasa naweza. Nikasugua lile jiwe polepole. Hakuna siku nimesugua kitu kwa heshima vile.

"Jana ilikuwa sabuni gani?" akauliza.

"Ya kufulia, Jaduong'."

"Uliniambia?"

"Hapana. Nilikuwa naipima."

Akanyamaza muda mrefu, na kwa Mzee Nashon hilo lilikuwa jambo la kutisha. "Ungeniambia," akasema mwishowe, "ningekuja saa nane mchana, tukawa na nafasi. Mtu akitaka kupimia kitu usoni mwangu, aniombe uso kwanza."

Nilimnyoa, ndevu zikatoka bila kelele. Nilipomaliza alijipapasa kulia, akajipapasa kushoto, akakunja uso alipogusa pale palipokuwa pekundu.

"Jibu lako lilikuwa kesho," akasema. "Lakini kwa kuwa uliniacha nusu, nami nakupa nusu. Mwambie mjomba wako aje. Nusu iliyobaki nitampa yeye, si wewe."

Kule jikoni kitu kilianguka. Ilikuwa sufuria, na aliyeiangusha alikuwa anacheka.

Ndiye huyo anayekuletea chai, mama yako mkubwa. Muulize kama nasema uongo. Mpaka leo nikifagia uwanja nikaacha kona, huwa anasimama mlangoni akiniambia, "Ochieng', umeninyoa nusu."

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Sikukatazi kitu cha bei rahisi, mimi mwenyewe shati hili limefuliwa kwa ile ile ya mche na limetakata. Lakini ukikipima, kipime kwa kazi yake yenyewe na kwa mtu wake mwenyewe, si kwa mchimba dhahabu aliyeloweka. Uhesabu na siku kitakazokaa, si bei ya dukani tu. Kianze kwenye shavu lako. Kikikuwasha, umejua. Kisipokuwasha, mwambie mteja kilichomo ndani ya chupa, naye achague mwenyewe, kwa sababu uso ni wake. Leo hii ukirudi Migori, bandua ile karatasi kwenye ile chupa uandike spiriti. Utaona wengi watakubali, na watakaokataa watakuheshimu.

Mungu autulize mkono wako. Akupe wateja wa maneno mengi na sabuni ya kuyatosha, na kila uso utakaoushika uinuke kitini ukiwa mzima, pande zote mbili, kabla jua halijazama. Sasa kunywa chai, inapoa.