Sabuni Chini ya Jiko la Gesi

Nitaanza kwa kukiri, kwa sababu hata nikinyamaza wanawake wa Tetu washaisimulia kila mahali na wameitia chumvi yao: mimi ndiye yule mwanamume wa Skuta ambaye mamamkwe wake alitoka mbio nyumbani kwake kwa sababu ya povu, mjukuu mchanga mikononi na wageni kumi nyuma yake. Waliosikia kwamba nyumba iliungua walidanganywa. Nyumba iko, na mnakaribishwa.

Mke wangu Muthoni alikuwa amejifungua binti yetu wa pili wiki tatu kabla. Wa kwanza, Wanjiru, alipewa jina la mama yangu, kwa hivyo huyu alikuwa zamu ya upande wa pili, akaitwa Nyambura kama mamamkwe. Sasa mtu akipewa jina lako kwetu si mjukuu tu, ni wewe mwenyewe umerudi ukiwa mdogo, na mamamkwe alikuwa ameshatoa neno kwamba Nyambura na mama yake waende kwake Tetu wakatunzwe huko mpaka mtoto akaze shingo. Muthoni hakutaka kwenda, na mimi sikutaka hata zaidi yake (mimi ni dereva wa lori la viazi kutoka Timau, siku ninazolala nyumbani ni za kuhesabu, na nilitaka nikifika nimshike mtoto wangu). Nikampigia mamamkwe simu kwa heshima zote, nikamwambia nyumba iko sawa, hakuna kinachokosekana. Akasema haya, Jumamosi atakuja na wenzake wa kanisa kumwona mtoto, na hiyo nyumba ataiona kwa macho yake.

Kilichokosekana ni moto. Jiko letu la gesi lina vichomeo viwili, kimoja kilikuwa kimekufa kabisa na cha pili kinatoa moto wa manjano unaopaka sufuria masizi. Muthoni alikuwa ameniambia niite fundi, yule wa hapo chini barabarani ambaye kila mtu Skuta anamjua, na mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama waume wanavyoitikia. Ijumaa akampeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, nikabaki peke yangu nalitazama lile jiko, na nikajiuliza, mtu anayefungua injini kando ya barabara mvua ikimnyeshea, kweli aite mtu wa kumfungulia kitu chenye skrubu nne? Nikajijibu vibaya, nikaenda kuchukua spana za lori.

Mwanzo ulikuwa mzuri, niseme ukweli. Nilifunga mtungi wa gesi, nikaligeuza jiko, nikaviosha vichomeo vilivyokuwa vimezibwa na maziwa na mafuta ya miezi mingi, vikang'aa. Halafu nikatoa nozo, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia gesi, nikaizibua kwa sindano, na wakati wa kuirudisha nikaikaza jinsi ninavyokaza gurudumu. Shaba ni laini, jamani. Ikaingia upande, meno yakalika, na nilipofungua gesi nikasikia harufu pale ambapo haifai kusikika. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikakumbuka sabuni, kwa sababu dereva yeyote wa huku anajua kwamba tangi la dizeli likitoboka safarini unachukua sabuni ya kipande, unaikanda, unaziba, unafika. Nikaikanda sabuni ya kufulia, nikaizungushia ile nozo, harufu ikaisha, nikawasha, na moto ukatoka wa buluu pande zote mbili. (Tangi la dizeli halikai chini ya moto, najua, msinikumbushe, nimeshakumbushwa na watu wengi.)

Muthoni aliporudi aliuliza kama fundi alikuja. Nikasema alikuja.

Jumamosi wakafika, wanawake kumi na mmoja pamoja na mamamkwe, na njahi, yale maharagwe meusi ya kumpikia mzazi, na ndizi, na uji wa kuchacha kwenye mtungi wa plastiki, uji wa Mama Ndirangu, mmoja wao, ambao Tetu nzima inausifu. Mamamkwe alimpokea mtoto, akamwombea, halafu akaanza kukagua nyumba bila kusema kwamba anakagua. Aliangalia blanketi, akaangalia maji, akaingia jikoni na kuwasha jiko, akainama kuutazama ule moto. Akaniita.

"Huu moto ni msafi," akasema. "Fundi ni nani? Jiko yangu inawaka upande moja tu."

Hapo ningesema ni mimi nikasifiwa, lakini Muthoni alikuwa amesimama mlangoni na kwake nilishasema ni fundi, kwa hivyo nikasema ni mzee mmoja mpole. Mama Ndirangu akatoa simu aandike namba. Nikasema namba yake haipatikani, amekwenda Timau kutengeneza majiko ya hoteli. Akauliza ni majiko mangapi, nikasema manane (hakuna aliyenilazimisha kutaja idadi). Muthoni akanitazama sana, maana yule fundi tunayemjua hana hata miaka thelathini, na asubuhi hiyo alikuwa amempita amekaa kwenye kibanda chake.

Mamamkwe yeye aliridhika. Akasema mbele ya wote kwamba ameona, Muthoni na mtoto wakae tu hapa, wako sawa. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo, nilitaka kuimba.

Wakabandika uji, sufuria kubwa ya kulalia vichomeo vyote viwili. Ukachemka vizuri, halafu kwa sababu ya maneno mengi hakuna aliyekuwa akiuangalia, ukapanda, ukamwagika, ukaingia ndani ya jiko na kuikuta sabuni yangu imeshalainika kwa joto na gesi inatafuta pa kupitia. Povu likaanza kutoka kando ya kichomeo. Jeupe, taratibu, halina haraka yoyote, likajaa juu ya jiko likashuka mezani, na kila kipovu kilichofika kwenye moto kilipasuka kwa mwali mdogo. Mama Ndirangu akasema uji wake haujawahi kufanya hivyo, na alikuwa ameumia. Halafu harufu ya gesi ikafika.

Mamamkwe hakupiga kelele. Alifunga mtungi wa gesi, akafungua dirisha, akamchukua mtoto na kusema watu wote nje. Basi tukatoka nje, mbele ya majirani waliokuwa wakianika nguo za Jumamosi, wanawake na vikapu vyao, Wanjiru na ndizi mkononi, mimi nyuma yao nikinuka sabuni.

"Piga huyo fundi simu," mamamkwe akasema. "Hata kama ako Timau."

Nikaitoa simu, nikaishika, na sikuwa na mtu wa kumpigia. "Mama," nikasema, "fundi ni mimi."

Mmoja akacheka, kisha wote, hata jirani aliyekuwa juu ya ngazi. Mamamkwe peke yake hakucheka.

"Jiko kuharibika si kitu, Baba Wanjiru," akasema. "Ungeniambia, ningebeba jiko yangu ya makaa tupike na hiyo. Lakini uliniambia iko sawa, na nikamleta mtoto hapo karibu. Nyambura ataenda na mimi."

Nilibeba mikoba mpaka kwenye gari mwenyewe. Muthoni hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Jumatatu fundi akaja, akabadilisha nozo kabla chai yake haijapoa, akauliza ni nani aliyetia sabuni humu, nikamwambia ni mimi.

Wakakaa Tetu miezi miwili. Siku moja nikiwa Timau napakia viazi Muthoni alipiga simu kuniambia Nyambura amecheka, mara yake ya kwanza, akimtazama nyanya yake. Niliumia kuliko siku ile waliponicheka wao.

Tangu hapo niliapa kwamba kitu kikiharibika kwangu nitasema kimeharibika, hata wageni wakiwa mlangoni. Kiapo hicho kilijaribiwa mapema, kwa sababu mamamkwe alipiga simu mwenyewe kuniuliza nyumba iko namna gani, na neno "sawa" lilikuwa limeshanifika mdomoni. Nikalimeza. Nikamwambia jiko limetengenezwa na fundi, lakini bomba la bafuni linavuja, dirisha la chumbani halifungi vizuri, na kitanda cha Wanjiru kimevunjika mguu mmoja nikaweka tofali.



"Sasa hiyo ni nyumba naweza kuleta mtoto," akasema. "Ita fundi wa bomba. Tunakuja Jumamosi."