Nilichagua Maji ya Magoti

Habari ya msiba imenikuta na andazi mdomoni, na andazi lenyewe si lake. Mama aliyekuwa akikaanga maandazi pale Zinga, mzee wa kanisa letu dogo, amefariki. Nilimaliza kutafuna kwanza, maana angenigombeza kwa kutema chakula, ndipo nikalia. Mnaonisoma kila wiki mnajua silii ovyo. Hata shule iliponiacha darasa la sita sikulia, mwalimu ndiye aliyeonekana amefurahi.

Kanisa letu hubatiza baharini, mtu anazamishwa mpaka utosi. Mimi nimezaliwa pwani hii, samaki wake nimewala wote, ila kuogelea sijui, na maji yakinipita magoti roho inahama. Mara tatu niliandikishwa ubatizo, mara tatu nikaugua. Kwanza tumbo, halafu mgongo. Mara ya tatu nikasingizia jino, na yule mama akaja nyumbani na karafuu, akanikuta natafuna muwa. Alivunja pingili moja akala, akaniachia karafuu zangu.

Ikapangwa mara ya nne. Mchungaji wetu katoka bara, na waumini wengi pia, kwao bahari ni ileile asubuhi na jioni. Wakanituma mimi, mtoto wa pwani, nikaulizie saa nzuri ya maji. Hapo shetani akapata mshauri. Nikaenda kwa jirani yangu, mzee wa Kiislamu anayevua tangu utotoni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Una lipi?”

“Jumapili maji yanatoka kabisa saa ngapi?”

“Saa nne asubuhi. Bamvua hii, bahari yote itakuwa imekimbia. Kwani mnakwenda kubatiza mtu au kuokota kaa?”

Saa nne tukafika, bahari haipo. Mchungaji alisimama na Biblia yake akitazama matope, kama mgeni aliyekuta mwenyeji kafunga mlango. Nikasema kwa upole, “Labda mninyunyizie tu.” Yule mama akaniangalia usoni, akajua kila kitu. “Bahari haijahama mkoa,” akasema. “Tuifuate.” Akafunga kanga vizuri, akatangulia na goti lake bovu. Tukavuka kibonde chenye maji ya kifundo cha mguu, tukapanda fungu la mchanga, tukashuka upande wa pili. Maji ya ugoko. Maji ya magoti, na kwa magoti mtu hazamishwi, labda akunjwe kama mkeka. Kwaya ikamaliza nyimbo zote inazozijua, ikaanza upya. Yalipofika kiunoni nikagoma, joho jeupe limefura kama puto.

“Mama, naogopa.”

“Na mimi naogopa, mwanangu. Nani kakwambia najua kuogelea?”

“Sasa huku umefuata nini?”

“Yesu hakuniuliza kama najua kuogelea, kaniita tu. Petro angebaki chomboni asingelowa, lakini na ule mkono asingeushika. Lete wako.”

Nikampa. Nikazamishwa, nikameza chumvi ya mboga ya mwezi mzima. Tulipogeuka kurudi, bahari nayo ilikuwa imegeuka, na kile kibonde cha kifundo cha mguu kimekuwa cha kifuani. Mimi niliyechagua maji ya magoti nilikuwa nimeliletea kanisa zima maji ya kifua. Njia nyingine hakuna. Tukashikana mikono mlolongo mmoja, mama mbele, mimi nyuma yake, na ajabu ni kwamba miguu yangu ilikwenda. Ufukweni yule jirani alikuwa anacheka mpaka kofia imedondoka, ila kamba ilikuwa tayari mkononi. “Kaa mmewapata?” akauliza.

Nimewaza sana tangu siku ile. Wengi wetu tunamwamini Yesu kwa saa ya maji kutoka. Tunasema Bwana anatosha, halafu tunampangia mpaka wapi atupeleke, tukilowa kidogo tunaugua jino. Nasema “tunasema” kwa adabu tu. Ni mimi.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumwona yule mama, yuko kitandani anaumwa. Amekonda, sauti imebaki kama ya sufuria inayochemka jiko la jirani. Nikamuuliza kama anaogopa. “Kidogo,” akasema. “Na safari hii sijamtuma mtu kuulizia maji.” Akacheka, akanyoosha mkono, nikaushika, nikajifanya mimi ndiye ninayemshika yeye.

Kesho tunamzika, na wazee wameniambia niongoze sala ya kaburini, kazi ninayoikwepa miaka yote kwa kisingizio cha shule ndogo. Mbele ya watu wote wale. Tangu asubuhi nasikia jino linaanza kuuma. Lakini wa kuniletea karafuu hayupo tena, na yule aliyetuita wote wawili bado ananyoosha mkono. Nitakwenda.