Funguo Katika Aproni ya Eduvina

Mvua ilipokwisha kulinywesha jangwa la Atacama mwaka ule, Eduvina Campillay alifanya kama alivyofanya marehemu mama yake: aliwafungia mbuzi zizini, akawalisha majani makavu, wala hakukusudia kuwaachia kabla maua hayajadondosha mbegu. Mbuzi walikonda, jibini likapungua. Hata hivyo, kila asubuhi alipanda kilimani na kikombe chake cha chai, akalitazama bonde lililoiva wekundu kwa maua yaitwayo makucha ya simba, akashiba kwa macho.

Asubuhi moja aliona gari katikati ya bonde, akateremka mbio. Nyuma yake magurudumu yalikuwa yameacha njia mbili za maua yaliyopondeka. Nolberto, mtoto wa kaka yake, alikuwa akiwapiga picha wageni wawili wa mjini, waliojilaza juu ya maua kama juu ya godoro.

"Nolberto! Mbuzi wangu wanalia njaa, nawe unaniletea ng'ombe wa mjini?"

"Polepole, shangazi. Maua tu hayo, yataota tena."

"Lini? Yalipoota mara ya mwisho, baba yako alikuwa hai!"

Mgeni mmoja, mwanamke, akamnyooshea shada la maua hayohayo. "Pokea, bibi, usikasirike."

"Unachinja kuku wangu, halafu unanikaribisha paja?"

Nolberto aliona heri waondoke. Lakini mchanga ulikuwa laini mno kwa gari kurudi kinyumenyume. Gari lisingetoka bila kugeuzwa, na likigeuzwa lingeponda yaliyosalia. Eduvina akawahi mlangoni pa gari, akachomoa funguo, akazitumbukiza mfukoni mwa aproni.

"Mtarudi kwa miguu, kwa njia ya mbuzi. Gari halitageuka hapa mpaka mbegu zidondoke."

"Shangazi, gari nimeazima!"

"Na bonde, nani alikuazima?"

Tangu hapo Nolberto alikuja kila asubuhi kuziomba funguo. Eduvina hakumkaribisha hata chai.

"Mbegu zimekauka?"

"Nitajuaje, shangazi?"

"Shuka ukatazame."

Naye alishuka, akainamia ua baada ya ua, akapanda tena na jibu lilelile: bado mbichi.

Siku alipokuja na mbegu kavu kiganjani, Eduvina alifungua zizi kwanza. Mbuzi wakamiminika bondeni. Ndipo akazitupa funguo mchangani, miguuni pa kijana.

"Okota. Na mvua nyingine ikinyesha, uje uzitazame zile njia zako mbili kama zitaota kitu. Mimi huenda nisiwepo wa kukutukana."